Istilahi za Mieleka ya Uswisi: Jina Lifuate Kitu

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti 2025, huko Mollis katika jimbo la Glarus nchini Uswisi, Armon Orlik alitawazwa kuwa mfalme wa mieleka ya nchi hiyo. Hata hivyo, pambano la mwisho la mashindano hayo hakupigana yeye. Walioingia uwanjani walikuwa Samuel Giger na Werner Schlegel. Walishindana mpaka muda wao ukaisha, wakatoka sare; na kwa kuwa sare hiyo haikumwezesha yeyote kati yao kumpita Orlik kwa jumla ya alama, ufalme ukamwendea mtu aliyekuwa pembeni akitazama.

Mfasiri ambaye angeitangaza habari hii kwa neno "fainali" angemtia msomaji wake katika mashaka. Kwa mazoea yetu ya kandanda, fainali ni mchezo wa timu mbili zilizobaki baada ya nyingine zote kutolewa, na bingwa hana budi atoke katika hizo mbili. Msomaji angeuliza, na angekuwa na haki ya kuuliza: itakuwaje wawili wacheze fainali na kombe lichukuliwe na wa tatu? Yamkini angeamini kwamba mwandishi amekosea majina, au kwamba waamuzi wamepotoka. Kumbe waamuzi hawakupotoka, na majina ni sahihi. Lililopotoka ni neno moja tu.

Makala haya yanakusudia kuueleza mchezo huo, asili yake na taratibu zake, kisha kuzichunguza istilahi zake moja baada ya nyingine ili kuona ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kuzibeba. Huenda wasomaji wengine wakashangaa kwamba tumechagua mchezo wa watu wa mbali. Tumeuchagua kwa sababu unaonyesha wazi tatizo linalomkabili kila mfasiri: kwamba neno lililo karibu na mkono si lazima liwe neno lililo karibu na kitu.

Mchezo wenyewe

Kwa Kijerumani cha Uswisi mchezo huu huitwa Schwingen. Ni mieleka ya watu wawili wanaoshikana ndani ya duara lililotandazwa unga wa mbao, lenye kipenyo cha mita 12 hivi. Kila mmoja huvaa, juu ya suruali yake ya kawaida, kaptura ya kitambaa kizito mfano wa turubai, yenye mkanda wa ngozi kiunoni na miguu iliyokunjwa juu. Kaptura hiyo ndiyo kiini cha mchezo. Kabla ya kuanza, wapinzani hupeana mikono, kisha kila mmoja humshika mwenzake: mkono wa kulia hukamata mkanda kwa nyuma, na wa kushoto hukamata mkunjo wa mguu wa kulia wa kaptura. Mwamuzi huhakikisha kuwa wote wawili wameshika sawasawa, ndipo aruhusu pambano lianze.

Mshindi ni yule anayembwaga mwenzake chali mpaka mgongo wake, kwenye mafupa ya mabega, uguse unga, huku yeye mwenyewe angali ameishika kaptura ya mpinzani walau kwa mkono mmoja. Aliyembwaga mwenziwe baada ya mkono wake kuachia hajashinda bado. Waamuzi ni watatu: mmoja yumo ndani ya duara, na wawili wamekaa mezani. Hakuna madaraja ya uzito. Mtu wa kilo 80 aweza kupangiwa mtu wa kilo 140, na hana ruhusa ya kulalamika.

Pambano likiisha, mshindi humpangusa aliyeshindwa unga wa mbao mabegani na mgongoni. Tendo hilo ni dogo, lakini bila hilo mchezo huwa haujakamilika machoni mwa watazamaji. Waswahili husema, asiyekubali kushindwa si mshindani; Waswisi wameongeza kwamba na mshindi naye ana wajibu kwa aliyemshinda.

Chimbuko na historia

Chimbuko la mchezo huu ni malisho ya milimani, ambako wafugaji wa mabonde mbalimbali walikutana wakati wa kiangazi na kupimana nguvu. Ushahidi wa kale unaotajwa mara kwa mara ni mchongo wa karne ya 13 katika kanisa kuu la Lausanne, unaoonyesha watu wawili walioshikana kwa namna inayofanana na hii ya leo.

Jambo lililoutoa mchezo huu mabondeni na kuufanya wa taifa ni la kisiasa. Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi, utawala wa kale wa mji wa Bern ukaanguka, na nchi ya juu ya milimani, iliyokuwa chini ya mji huo, ikafanywa jimbo la peke yake. Mwaka 1803, kwa amri ya Napoleon, nchi hiyo ilirudishwa chini ya Bern. Wenyeji wengi wa milimani hawakuridhika. Ili kuwapatanisha watu wa mjini na watu wa mashambani, wakubwa wa Bern waliandaa sherehe kubwa tarehe 17 Agosti 1805, karibu na magofu ya ngome ya Unspunnen, jirani na Interlaken. Palikuwa na mieleka, kutupa jiwe zito, kulenga shabaha na kupuliza baragumu za milimani. Sherehe ya pili ilifanyika mwaka 1808, na miongoni mwa wageni wake walikuwamo mwandishi Germaine de Staël na mchoraji Élisabeth Vigée-Le Brun. Hitilafu za kisiasa hazikumalizika kwa ngoma na mieleka, lakini sifa za mchezo zilienea nje ya mipaka ya nchi.

Katika karne ya 19 vyama vya mazoezi ya viungo vya mijini viliupokea mchezo huu, vikautungia kanuni na kuufundisha. Basi yakawapo makundi mawili: wafugaji waliouridhi kutoka kwa baba zao, na wanamazoezi waliojifunza katika vyama. Mwaka 1895 makundi hayo yaliungana katika chama kimoja cha nchi nzima, na mashindano ya kwanza ya taifa yakafanyika mwaka huohuo mjini Biel. Alama ya muungano huo ingali inaonekana katika mavazi: wenye asili ya ufugaji huvaa suruali nyeusi na shati la rangi, aghalabu la buluu lenye nakshi za maua ya milimani, wanamazoezi huvaa nyeupe tupu. Wanawake nao walifanya mashindano yao ya kwanza mwaka 1980 huko Aeschi, na mwaka 1992 wakaunda chama chao wenyewe.

Mashindano ya taifa hufanyika kila baada ya miaka mitatu, na kila mshiriki anayefika mwisho hupigana mapambano manane kwa siku mbili. Zawadi kuu si fedha bali ni fahali. Nyingine ni ndama, kengele za ng'ombe na samani. Matangazo ya biashara hayaruhusiwi ndani ya uwanja wa mashindano.

Tatizo la jina

Tuanze na jina la mchezo wenyewe. Kamusi ya Kijerumani itamwambia mfasiri kuwa Schwingen ni kupunga, kuning'iniza au kubembea. Akiliandika neno kwa neno atapata "mchezo wa kubembea", na watoto wa shule watafurahi bure. Njia ya pili ni kulitohoa: "shwingi" au "shwingeni". Utohozi si dhambi, na Kiswahili kimefaidika nao tangu kale. Lakini utohozi una mahali pake. Ni pale ambapo kitu ni kigeni kabisa na lugha haina pa kukishikia. Mieleka si kitu kigeni kwa Mswahili. Kulitumia neno "shwingi" ni kumnyima msomaji ujuzi alio nao tayari.

Njia ya tatu ni kusema "mieleka" tu na kunyamaza. Hapa msomaji anaelewa, lakini anaelewa kingine. Kuna mieleka ya Olimpiki, kuna mieleka ya maonyesho ya televisheni, na kuna mieleka ya Senegal, na kila mmoja una sheria zake.

Katika hali hii inafaa tutazame jinsi Waswisi wenyewe walivyofanya, kwani nchi yao ina lugha nne za taifa, nao wamelikabili tatizo hili kabla yetu. Wasemao Kijerumani waliupa mchezo jina la mwendo wake, na kwa mzaha huuita pia Hosenlupf, yaani kuinuana kwa suruali. Wasemao Kifaransa hawakulitafsiri neno la wenzao. Waliutazama mchezo, wakaona kinachoutofautisha na mieleka mingine ni lile vazi, wakauita mieleka ya kaptura. Na wanapozungumza na wageni huuita mieleka ya Uswisi. Basi katika nchi moja, jina moja limetoka katika tendo na jingine limetoka katika vazi, na yote mawili ni ya haki.

Kwa mfano huo, tunaona kuwa "mieleka ya Uswisi" linafaa katika habari na mafundisho ya jumla, na "mieleka ya kaptura" linafaa panapohitajika kuutofautisha na aina nyingine kwa undani. Neno "kaptura" linaweza kumfanya msomaji afikirie sare ya shule. Lakini maelezo ya sentensi moja yatosha kuliondoa wazo hilo, na hakuna neno jingine linalojulikana zaidi kwa vazi linaloishia juu ya magoti.

Istilahi za uwanjani

Mahali pa kupigania. Waandishi wetu wa ndondi wana neno "ulingo", na wepesi wa kulichukua ni mkubwa. Lakini ulingo asili yake ni jukwaa lililoinuliwa, kama lile la mlinzi wa shamba anayefukuza ndege, na ndiyo maana liliufaa uwanja wa ndondi ulio juu na wenye kamba. Mieleka ya Uswisi hupiganwa chini, pasi na kamba wala jukwaa. Tunapendekeza "duara".

Kilichotandazwa. Wengi huandika "maranda". Fundi seremala atawasahihisha: maranda ni yale mabanzi membamba yatokayo kwenye randa, na yatokayo kwenye msumeno ni unga. Duara la Uswisi hutandazwa unga wa mbao. Kwa mtu anayebwagwa kwa kishindo, tofauti hiyo si ya kamusi tu.

Kushika na kubwaga. Kwa kufuata kawaida ya lugha yetu ya kuunda nomino kutokana na vitenzi, kama vile kata na mkato, tupa na mtupo, tunapata "mshiko" kutokana na shika, na "mbwago" kutokana na bwaga. Wengine watasema kuwa "mweleka" ungetosha kwa tendo la kuangusha. Ni kweli kwamba kupigwa mweleka ni kuangushwa kwa kishindo. Lakini kwa kuwa wingi wake ndio jina la mchezo, sentensi kama "alijua mieleka mingi" ingekuwa na maana mbili. "Alijua mibwago mingi" ina maana moja. Mibwago ya Uswisi ina majina mengi, na kila jina litazamwe lilikotoka: uitwao Kurz ni mbwago mfupi, utumiao nyonga ni mbwago wa nyonga, na uitwao kwa mji wa Brienz ubaki kuwa mbwago wa Brienz. Ile ya kunasa mguu wa mpinzani isiitwe ngwala wala mtama, kwani ngwala na mtama ni kuupiga mguu, na hapa mguu hunaswa kama kwa ndoana. Tunapendekeza "kulabu".

Sehemu ya mwili inayoamua ushindi. Mfasiri akiandika kwamba mtu hushindwa "mabega yake yakigusa chini" atakuwa amebadilisha sheria, kwa sababu aangukaye ubavu naye hugusa chini kwa bega. Kinachohusika ni ule mfupa mpana wa nyuma. Jina lake la siku nyingi ni kombe la mkono, nalo ni jina zuri. Lakini katika kurasa za michezo neno "kombe" limekwisha kuchukuliwa na vikombe vya ushindi, na kuandika kwamba "alishindwa kwa makombe mawili" ni kualika kicheko. Hivyo katika uwanja huu tunapendelea "fupa la bega". Mfasiri asilichanganye na mtulinga, ambao ni mfupa wa mbele, chini ya shingo.

Pambano na alama. Kila mkutano wa washindani wawili katika mieleka hii hujitegemea, na baada yake kila mmoja hupangiwa mpinzani mwingine. Kwa hiyo si "raundi", maana raundi ni kipande cha pigano moja na mtu yuleyule. Neno lifaalo ni "pambano". Mwisho wa pambano, waamuzi hutoa alama kama mwalimu anavyosahihisha daftari: ushindi ulio safi kabisa hupata 10, ushindi wa kawaida 9.75, na aliyeshindwa naye huondoka na alama, kwa kawaida 8.50. Basi "alama" inafaa kuliko "pointi", kwa kuwa inapima ubora wa kazi pamoja na matokeo yake. Mapambano yote hujumlishwa. Wawili wanaoongoza ndio kwa kawaida hukutanishwa mwisho, na hapo ndipo penye mtego tuliouona Mollis. Tunapendekeza "pambano la mwisho", na tunashauri neno "fainali" lisitumike kabisa.

Mfalme, wakali na shada

Lipo kundi la maneno ya heshima ambalo lahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu limebeba fikra za watu.

La kwanza ni "mfalme". Huenda mfasiri akaona haya kumtaja mfalme katika nchi isiyokuwa na mfalme, akaandika "bingwa". Hilo ni kosa. Bingwa hutetea ubingwa wake, na akishindwa huwa bingwa wa zamani. Mfalme wa mieleka ya Uswisi hatetei kitu, na hakuna mfalme wa zamani. Ernst Schläpfer alitawazwa mwaka 1980 na tena mwaka 1983. Jörg Abderhalden alitawazwa mwaka 1998, 2004 na 2007. Na jina la ufalme hawakuvuliwa wale waliowafuata walipotawazwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini wafalme kumi wa mieleka hukaa meza moja bila ugomvi. Mfasiri aandike "mfalme", na maneno kama "kulitetea taji" ayaache.

La pili ni jina wanaloitwa washindani hodari, ambalo kwa Kijerumani maana yake ya kawaida ni "wabaya" au "waovu". Likitafsiriwa hivyo, watu wenye heshima zao watakuwa wametukanwa magazetini. Hapa Kiswahili kina bahati: neno "mkali" lina pande mbilimbili zilezile. Mbwa mkali huogopwa, na fundi mkali husifiwa. "Wakali" ndilo neno.

La tatu ni "shada". Katika mashindano makubwa, asilimia 15 hadi 18 ya washiriki hutunukiwa duara la majani ya mwaloni linalowekwa kichwani. Wengine wangeliita taji. Lakini taji humfikirisha msomaji juu ya mfalme, na mfalme ni mmoja ilhali wenye majani ni wengi. "Shada" huondoa utata huo, na apewaye aitwe "mwenye shada".

La nne ni "shirikisho". Uswisi ni nchi ya shirikisho, na mashindano makubwa yana sifa hiyo katika jina lake. Lakini kwetu shirikisho ni pia chama kikuu cha mchezo fulani. Ukiandika "mashindano ya Shirikisho", msomaji hatajua kama ni ya nchi au ya chama. Katika muktadha huu tumetumia "mashindano ya taifa", na tunawashauri wengine wafanye hivyo.

La mwisho ni wale wenye asili ya ufugaji. Ni rahisi kuwaita "wachungaji", lakini msomaji wa leo akiona kuwa mchungaji amembwaga mtu chali atafikiri juu ya kanisa. Waitwe "wafugaji".

Mapendekezo kwa ufupi

Kwa matumizi ya wafasiri na walimu, tunayaweka mapendekezo haya pamoja:

Jina la mchezo: mieleka ya Uswisi, kwa undani, mieleka ya kaptura.
Mahali: duara. Kilichotandazwa: unga wa mbao.
Namna ya kukamata: mshiko. Namna ya kuangusha: mbwago. Kunasa mguu: kulabu.
Mfupa unaoamua ushindi: fupa la bega.
Mkutano wa wawili: pambano; la kumalizia: pambano la mwisho. Kipimo: alama.
Vyeo: mfalme, wakali, mwenye shada.
Makundi: wafugaji na wanamazoezi.

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii hakuna neno hata moja la kukopa kutoka Kijerumani, na kwamba karibu yote ni maneno aliyoyajua tangu utotoni. Hatukuyachagua kwa sababu ya kuona haya kukopa. Tuliyachagua kwa sababu kila moja, lilipowekwa kando ya kitu chenyewe, lilikutwa linatosha. Na yale yaliyoachwa, kama vile fainali, ulingo, raundi, bingwa na taji, yaliachwa kwa sababu kila moja lingemwambia msomaji jambo ambalo halikutokea. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake tafsiri anaweza kuyatumia maneno hayo matano kuwa zoezi: awape habari ya Mollis ya mwaka 2025, awaamuru waiandike kwa maneno hayo, kisha wajaribu kumweleza mwenzao asiyeujua mchezo ni nani aliyeshinda, na kwa nini.

Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa wale wa mwambao na wa bara wanaoyajua majina ya mishiko na mibwago katika mieleka ya kwao, wanaombwa watuandikie. Istilahi haithibitiki kwa kuandikwa na ofisi; huthibitika kwa kutumiwa na watu.